Kamera ya Milioni Nne, Picha Hata Moja Hakuna

Alianza na kamera ya mkanda ya kuazima, akahamia dijitali, kisha akawa anabadili kamera kama watu wanavyobadili laini za simu. Ukaja msiba, na swali moja la shemeji yake likamrudisha alikoanzia.

"Wewe si ndiye mpiga picha wetu? Hebu tupatie picha nzuri ya mama, ya kutangulia mbele ya jeneza."

Swali hilo niliulizwa na kaka mkubwa wa mke wangu, saa nne usiku, nyumbani kwa wakwe zangu Marangu. Ilikuwa Julai 2019. Mama mkwe alikuwa amefariki siku mbili nyuma. Nje wanaume wanaota moto, ndani akina mama wanaimba mapambio, na mimi nimesimama katikati ya sebule natokwa jasho. Marangu mwezi wa saba ni baridi ya kufa mtu, lakini mimi nilikuwa natokwa jasho.

Sababu ninayo. Picha za mama mkwe nilimpiga nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ukoo ule. Mwaka 2017 alikuja kwetu Dar, akakaa miezi miwili kumhudumia mke wangu baada ya kujifungua binti yetu. Nilimpiga akimwogesha mtoto, akimkanda, akimwimbia Kichaga dirishani asubuhi. Picha zile zote niliziweka kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwenye kompyuta. Na diski ile ilikuwa imekufa tangu Machi. Ukiichomeka inalia tak, tak, tak, basi. Nilimwambia mke wangu, "Nitaipeleka kwa fundi." Sikuipeleka.

Kadi za kamera je? Nilishazifuta zamani nipate nafasi ya kupigia harusi za watu. Picha za harusi yetu wenyewe zilikuwa kwenye DVD yenye mikwaruzo, albamu sikuwahi kutengeneza, maana nilijiapiza kwamba nitaipanga mwenyewe, vizuri, nikipata muda. Simu za ndugu zilikuwa na picha, lakini kwenye hii amekatwa kichwa, kwenye ile yuko nyuma ya keki, nyingine imerushwa WhatsApp mara kumi mpaka ukiikuza inakuwa kama ukungu.

Mwishowe shemeji alichukua kitambulisho cha kupigia kura, akashuka nacho Moshi mjini alfajiri, wakakikuza. Mama aliyekuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika, akasindikizwa na picha ya mtu aliyeambiwa asitabasamu.

Mke wangu hakusema kitu. Aliniangalia mara moja tu, wakati picha ile inapita.

NILIKOTOKA

Wapenzi wasomaji, wengi wenu mmezaliwa wakati ambao bado mnaikumbuka kamera ya mkanda. Mimi nilianza nayo. Mwaka 2003 nikiwa kidato cha nne, niliazima Yashica ya mjomba, ile ndogo ya flashi, nikapiga picha za mahafali kwa malipo. Mkanda mmoja, picha 36. Ukizipiga zimekwisha, huna ujanja. Unaupeleka mkanda studio kusafishwa, unasubiri, moyo unakwenda mbio. Ukienda kuchukua bahasha unakuta tano zimeungua, mbili kidole chako kimeziba lenzi, na wenye picha zao wanakusubiri getini.

Niliichukia ile hali. Ndiyo maana dijitali ilipokuja kwangu niliipokea kwa mikono miwili. Mwaka 2011, mshahara wangu wa kwanza wa maana, nilinunua Canon EOS 550D ya mkononi. Unapiga, unaiona hapo hapo, mbaya unafuta. Bure! Nikaanza kazi za harusi Jumamosi, ofisini Jumatatu hadi Ijumaa. Maisha yakanyooka.

Kumbe mambo yote haya yalianzia ndani ya nyumba ya filamu yenyewe. Aliyetengeneza kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka, mwaka 1975, ni mhandisi Steven Sasson, mfanyakazi wa Kodak. Ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja nyeusi na nyeupe kwenye kaseti. Kodak ambayo ilikuwa inaishi kwa kuuza filamu ndiyo iliyomlea mtoto huyo, na Januari 2012 ikaenda mahakamani Marekani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Mwaka ule mimi nilikuwa nacheka: filamu imekwisha, nani ana shida nayo?

UGONJWA WA KUHAMA

Sasa niwaeleze ugonjwa unaowapata wapiga picha wengi, hasa wanaume. Tatizo halianzii kwenye kamera, linaanzia kwenye lenzi. Kila kampuni ina mdomo wake wa kufungia lenzi. Nikon walileta mdomo wao wa F mwaka 1959. Canon waliuacha mdomo wao wa zamani mwaka 1987 wakaleta mwingine, na lenzi za zamani zikabaki yatima. Lenzi ya huyu haifungi kwa yule. Kwa hiyo ukisema "nahama", hubadili kamera peke yake. Unauza kila kitu kwa bei ya hasara, unaanza upya kwa bei ya dukani.

Nilihama mwaka 2014 kwenda Nikon D7100, kwa sababu rafiki yangu mmoja alikuwa nayo na picha zake zilikuwa tamu. Sikujiuliza kama utamu unatoka kwenye kamera au kwenye macho yake. Mwaka 2018 nikahama tena, kwenda Sony A7 III. Kila mtu mjini alikuwa anaizungumzia: haina kioo cha ndani, inashika jicho la mtu yenyewe hata akicheza sebene. Vifaa vyote vya Nikon niliviuza milioni moja na laki mbili. Sony na lenzi yake moja: milioni tano na laki mbili.

Milioni nne zilizobaki zilitoka wapi? Hapo ndipo penye kisa.

Mimi na mke wangu tulikuwa tunalipia kiwanja Kibaha, milioni 12, kwa awamu tatu. Awamu ya mwisho ilikuwa Desemba 2018. Pesa ilikuwa tayari, kwenye akaunti yangu. Nikajisemea moyoni: kamera hii itajilipa kwa harusi sita tu, Machi narudisha, mama watoto hata hatajua. Nikampigia mwenye kiwanja, nikamlilia shida, akanipa muda. Nyumbani kamera nikaingia nayo ndani ya begi la zamani la Nikon. Mke wangu alipouliza mbona inaonekana mpya, nilijibu, "Ni ile ile, nimeisafisha."

Kamera haikujilipa. Zikaja lenzi mbili nyingine. Machi ikapita, diski ikafa. Julai mama akafariki.

SIMU KUTOKA KIBAHA

Wiki mbili baada ya mazishi mwenye kiwanja alimpigia mke wangu. Alinikosa mimi mara tatu, akatafuta namba ya pili kwenye mkataba.

Nilimkuta amekaa mezani, chai imepoa. Hakupiga kelele. Aliniuliza bei ya kamera, nikamtajia. Akasema, "Una kamera ya milioni nne za kiwanja changu, na mama yangu kazikwa bila picha." Nikaanza kujieleza, eti biashara, eti ushindani. Akanikata: "Ungeniambia siku ile, ningekasirika siku moja yakaisha. Sasa sijui nikasirike mpaka lini."

Nimeolewa? Hapana, nimeoa, lakini siku hizo nililala sebuleni kama mgeni. Wanandoa wengi tunadhani usaliti ni mtu wa tatu tu. Mimi mtu wangu wa tatu alikuwa na lenzi.

KOPO LA BISKUTI

Julai 2020 tulirudi Marangu kwa ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Usiku baba mkwe, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache, alituita mimi na mke wangu chumbani kwake. Akatoa kabatini kopo la biskuti la bati na mfuko wa ngozi.

Ndani ya kopo mlikuwa na negativu. Zimekatwa vipande vya picha sita sita, kila kipande ndani ya karatasi, na juu ya karatasi ameandika kwa penseli: mwaka, mahali, nani. Ndani ya mfuko wa ngozi mlikuwa na Pentax K1000, aliyouziwa mwaka 1983 na mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao Uingereza.

"Siku ile ya msiba akili yangu haikuwepo," alisema Baba. "Sikukumbuka. Hebu angalieni."

Nikainua kipande kimoja mbele ya taa. Kwenye negativu kila kitu kimegeuka: nyeupe ni nyeusi, nyeusi ni nyeupe. Lakini cheko halijifichi. Mama mkwe, mwaka 1984, amesimama kwenye mibuni, kitambaa kichwani, kichwa amekirusha nyuma anacheka. Mabega yameinuka. Miaka 36 ndani ya kopo la biskuti, bila nenosiri, bila chaji, bila programu ya kufungulia.

Sitaki kusema dijitali haina maana, maana ndiyo iliyonisaidia. Niliporudi Dar niliazima lenzi ya kupigia vitu vya karibu, nikawasha skrini ya tableti iwe nyeupe, nikaweka kioo juu yake kwenye vitabu viwili ili vidoadoa vya skrini visionekane, negativu juu ya kioo, nikaipiga picha kwa ile ile Sony. Kwenye kompyuta nikageuza rangi, nyeusi ikawa nyeupe. Nikaichapisha kubwa, nikaiwekea fremu.

Mke wangu aliitazama muda mrefu. Halafu akasema, "Meno yake ya mbele. Nilishaanza kuyasahau."

Kesho yake mimi mwenyewe nilimwambia: tuuze lenzi mbili. Tukaziuza milioni mbili na laki sita, pesa ikaingia kwenye akaunti yake, nyingine tukajaziliza kwa kazi za harusi. Septemba tukamaliza kiwanja, na laki tano ya faini juu. Sony na lenzi yake ya kwanza tulibaki nazo kwa ajili ya kazi. Na ile Pentax? Baba hakunipa mimi. Alimpa binti yake.

MKANDA WA KWANZA

K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na kwa miaka mingi ilikuwa kamera ya wanafunzi wa upigaji picha huko Ulaya na Marekani. Imenyooka kama jembe. Betri yake ndogo inaendesha kipima mwanga tu, ikiisha kamera inaendelea kupiga. Haina swichi ya kuzima kipimo hicho, kwa hiyo lazima ukumbuke kuziba lenzi kwa kifuniko, vinginevyo unakula betri. Kila kitu kingine unafanya kwa mkono: kuvuta filamu, kuchagua kasi, kufungua tundu la lenzi, kulenga mpaka sura ikae sawa.

Filamu nilizunguka Kariakoo kuiulizia nikaishia kuchekwa. "Kaka, uko mwaka gani?" Tukaagiza kwa shemeji aliyekuwa anatoka safari: mikanda mitano ya Ilford HP5, nyeusi na nyeupe. Jumapili tukaenda Bagamoyo, mke wangu na kamera shingoni, mimi nimebeba mtoto na ujuzi mwingi wa kuelekeza.

Tukapiga picha 36. Tukapiga ya 37. Ya 38. Nikasema, "Bahati, mkanda mrefu huu." Ya 41 nikaanza kuogopa. Tulipofungua nyumbani tukakuta filamu haijasogea hata kidogo. Nilikuwa nimeipachika vibaya mimi mwenyewe, mtaalamu wa harusi 200. Siku nzima ya Bagamoyo, hewa tupu.

Nikasubiri maneno. Mke wangu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, mabega yanatikisika. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa sijalisikia cheko lile. Mimi nacheka, mtoto anacheka bila kujua kinachochekesha.

Somo: ukiwa unavuta filamu, angalia kile kirungu cha upande wa kushoto cha kurudishia mkanda. Kikizunguka, filamu inatembea. Kikitulia, unapiga hewa.

BAFUNI, TAA IMEZIMWA

Filamu nyeusi na nyeupe unaweza kuisafisha nyumbani. Ya rangi nayo inawezekana, lakini dawa zake zinataka joto la nyuzi 38 bila kuyumba, na kwa anayeanza ni kujitafutia presha. Nyeusi na nyeupe inataka nyuzi 20.

Nyuzi 20, Dar es Salaam! Maji ya bombani kwetu mchana unaweza kuoshea vyombo vya mafuta. Basi tunanunua barafu kwa jirani, ile ya mifuko, tunaiweka kwenye beseni, chupa za dawa zinakaa humo mpaka kipimajoto kikubali. Joto likizidi, muda wa kusafisha lazima upungue, la sivyo picha zinakuwa nzito kupita kiasi.

Kazi yenyewe iko hivi. Usiku, taa zote zimezimwa, taulo chini ya mlango wa bafu. Gizani unatoa filamu kwenye kopo lake, unaizungusha kwenye gurudumu la plastiki, unaitia ndani ya tangi, unafunika. Hapo unaweza kuwasha taa. Unamimina dawa ya kwanza, inayoitoa picha: kwa HP5 na dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji mengine ni dakika saba na nusu. Kila dakika unaligeuza tangi taratibu. Unamwaga, unasuuza kwa maji. Dawa ya pili inaondoa chembechembe za fedha ambazo hazikupata mwanga, ili picha isiharibike ukiitoa nje. Kisha maji mengi. La mwisho tunasuuza kwa maji ya betri, yale yaliyochujwa yasiyo na asidi, kwa sababu maji yetu ya kisima yana chumvi, yanaacha madoa.

Mke wangu ndiye mshika saa. Mimi nageuza tangi. Huwezi kushika simu maana mikono ina glavu, huwezi kutoka maana dakika zinahesabika. Dakika 25 mko wawili kwenye bafu la mita mbili. Wapenzi, mambo ambayo tulishindwa kuyazungumza mwaka mzima tuliyazungumza humo. Aliniuliza gizani, akiwa hanioni uso: "Siku ile ya msiba, kwa nini hukuniambia mapema kwamba diski imekufa?" Nikamjibu ukweli: niliona aibu. Akasema, "Mimi nilijua imekufa. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Kisha ukaning'iniza filamu kwenye kamba ya nguo, inachuruzika maji, na ndani yake mtoto wako mdogo kama ukucha, amegeuzwa rangi. Kila mara inanishangaza.

SI KILA CHA KALE NI DHAHABU

Niseme ukweli ili msije mkanilaumu. Filamu ni ghali: unalipia kila unapobonyeza. Harusi ya mteja mpaka leo nafanya kwa dijitali, siwezi kumwambia bibi harusi kwamba mkanda haukusogea. Na hewa ya pwani ni adui. Kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, usipozikausha. Lenzi ya Baba ilikaa salama Marangu miaka 37, na ikaanza kupata ukungu Dar ndani ya msimu mmoja wa mvua. Siku hizi inalala ndani ya kopo la plastiki lenye vipakiti vya kunyonya unyevu.

Hata hivyo hatuko peke yetu kwenye ushamba huu. Kodak walirudisha sokoni filamu yao ya Ektachrome mwaka 2018. Leica waliirudisha M6 mwaka 2022, na Pentax wakatoa kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, mwaka 2024. Nao walioweka akiba ya negativu wametuachia mali. Pale Mji Mkongwe, Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Zanzibar ya masultani, ya Mapinduzi ya 1964, harusi na sura za watu wa kawaida: tunaziona leo kwa sababu kuna mtu alizitunza.

Kilichonirudisha kwenye filamu si ubora wa picha. Sony inaishinda Pentax kwa kila kipimo. Ni hesabu. Diski yangu iliyokufa ilikuwa na picha kama elfu arobaini, na sikumbuki nimezitazama mara ya pili ngapi. Mkanda mmoja kwa mwezi ni picha 432 kwa mwaka. Hizo tunazitazama zote, tunazigombania, tunazichapisha. Na nikiwa nimebakiza picha tatu kwenye kamera, simpigi mke wangu picha ovyo. Namwangalia kwanza.

MKITAKA KUJARIBU WAWILI

Kwanza, msinunue kitu kabla hamjauliza kwa wazee. Kamera nyingi zimelala kabatini na kwenye masanduku, kwa wajomba na kwa waliokuwa na studio. Zitikiseni: kama kasi zote zinalia tofauti na lenzi haina kuvu, mna bahati.

Pili, bajeti iwe ya wote wawili, mezani, kwa kalamu. Sisi ni mkanda mmoja kwa mwezi, basi. Kifaa chochote kinachozidi laki moja kinahitaji sahihi mbili.

Tatu, kipima mwanga kikifa msikate tamaa. Jua likiwa kali, weka tundu la lenzi kwenye 16, na kasi iwe karibu na namba ya filamu. Filamu ya 400, kasi 500. Kivulini fungua tundu zaidi. Wapiga picha wengi wa zamani walifanya kazi hivyo.

Nne, mikanda ikae kwenye friji, ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, na itoke saa chache kabla ya kutumika. Mkisafiri kwa ndege, beba kwenye mkoba wa mkononi na uombe kwa upole ikaguliwe kwa mkono, maana mashine mpya za viwanja vya ndege zinaweza kuiunguza. Dawa za kusafishia zifungiwe mbali na watoto.

Tano, na hii ni kwa wenye simu na dijitali pia: picha muhimu ziwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja iwe nje ya nyumba yenu. Na kila mwisho wa mwaka chapisheni ishirini kwenye karatasi. Andikeni nyuma kwa penseli: nani, wapi, lini. Picha isiyo na jina, wajukuu wataitupa.

YA MWISHO

Katika miaka yote niliyopiga picha, kuna mtu mmoja hakuwemo: mimi. Mpiga picha hapigwi. Siku moja mke wangu alinipiga bila kuniambia. Nimelala kwenye mkeka barazani, mdomo wazi, binti yetu amekaa kifuani kwangu ananichana nywele kwa kitana cha mdoli. Picha haikulengwa sawa, kali ni vidole vya mtoto, mimi nimefifia kidogo.

Ingekuwa dijitali, ningeifuta hapo hapo.

Aliichapisha, akaandika nyuma kwa penseli kama baba yake, kisha akanipa ile negativu mkononi. "Hii nayo," akasema, "iweke kwenye kopo."